Mhuri Uliogawiwa Kundini

Kuna watu waliosoma chuoni miaka minne ili wajue pa kubonyeza wanapoonywa. Kivinjari kikiwaambia kwamba ukurasa si salama, hubonyeza "endelea hivyo hivyo", na mambo yao huendelea hivyo hivyo. Mmoja wao tulikuwa tumekodi naye chumba cha kazi Malindi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, shahada yake ameitundika ukutani karibu na feni.

Mimi sina shahada. Ninayoyajua niliyasoma mwenyewe, na kila hatua niliiandika daftarini kabla ya kuijaribu.

Nilikuwa nikitengeneza ukurasa wa zahanati moja ya Gongoni, kwetu, kwenye mashamba ya chumvi. Muuguzi angeelekeza simu kwenye kadi ya mtoto, kamera isome alama, chanjo zake zitokee. Lakini simu haifungui kamera kwa ukurasa usio na cheti cha usalama, hata kama ukurasa huo bado uko kwenye kompyuta ya majaribio. Kwa kazi kama hiyo unajitengenezea cheti. Kwanza unaunda mhuri, yaani ufunguo wa siri usiotoka kwenye kompyuta yako. Kisha unaipa simu sura ya mhuri huo na kuiambia iuamini. Tangu hapo, ukurasa wowote uliogongwa mhuri ule simu itaupokea bila kuuliza. Sura unaweza kumpa yeyote. Mhuri humpi hata ndugu wa tumbo moja.

Sista, muuguzi mkuu wa zahanati, alikubali tujaribu kwenye simu yake mwenyewe, ile ile anayofungulia ukurasa wa benki. Nikaiweka sura. Jaribio lingefanyika Alhamisi.

Jumatatu yule msomi wa chumba chetu akanijia. Kamera yake nayo ilikuwa imekataa.

"Mzee, nigaie hiyo dawa yako."

Kwetu jirani akiomba chumvi hupimi kwa kijiko, unamsukumia kopo. Nilimwonyesha folda, nikamwambia achukue faili moja tu, yenye maelezo ya hatua, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi alikuwa amechukua folda nzima, na si kuichukua tu: ameituma kwenye kundi la mafundi wa kompyuta wa pwani, watu zaidi ya mia, "kwa faida ya wote". Wote walikuwa wakimshukuru na kumwombea heri. Hakuna hata mmoja aliyeuliza amepewa nini.

"Umegawa mhuri wangu," nikamwambia.

"Mzee nawe! Elimu haifichwi."

"Hiyo si elimu. Ni ufunguo."

"Wa nyumba gani? Si ya majaribio tu?"

Nikaandika kundini kwamba folda ile ifutwe. Mmoja akajibu, "Mzee wa Gongoni achunga chumvi isiibwe." Vikaja vikatuni vya kucheka, foleni ndefu. Watu wazima, wenye kazi.

Kufuta kusingesaidia tena. Yeyote kati yao, akikaa kwenye mtandao mmoja na Sista, angeweza kubuni ukurasa wa benki na kuugonga mhuri wangu, na simu ya Sista isimwonye. Nilimpigia mara tatu, hakupokea. Ilikuwa siku ya kliniki. Nikapanda bodaboda.

Nilimkuta akipima watoto uzito.

"Karibu, Fundi. Mbona leo si Alhamisi?"

Nikamweleza, bila kupunguza wala kuongeza. Alisikiliza mkono ukiwa kwenye mizani.

"Nimefungua benki leo?" alijiuliza. "Sijafungua. Alhamdulillahi. Sasa, aliyekiweka kitu hicho simuni mwangu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na aliyegawa mhuri wake ni yule msomi?"

"Ndiye."

"Basi nyote wawili mmesoma sana."

Akina mama kwenye benchi wakacheka. Hakukosea: mhuri na sura nilikuwa nimeviweka folda moja, na hilo daftari langu halikulikataza.

Akanipa simu. Nikaenda kwenye mipangilio, nikaiondoa sura, nikaizima simu na kuiwasha. Kisha nikafungua ukurasa wangu mbele yake. Onyo likatokea, kamera ikakataa. Ndivyo ilivyotakiwa.

"Na Alhamisi?" akauliza.

"Nitaunda mhuri mwingine."

"Unda. Lakini sura yake utaiweka kwenye simu yako, Fundi."

Akaitia yake mfukoni, akafunua daftari la chanjo lililochanika jalada, akamwita mama aliyefuata.