Ubao wa Gari la Kambale

Kosa langu la kwanza katika ufundi lilikuwa kusafisha. Nililifanya Mubi, mashariki mwa Kongo, nikiwa na miaka kumi na mitano, kwa kitambaa kilicholowa petroli. Mama na mimi tulikuwa tumekimbia vita kutoka kijiji chetu cha Kingi, tukapata chumba nyuma ya duka la vitenge la Mama Kavira, mfanyabiashara aliyetoka pande za Butembo. Shule ilifungwa kila risasi ziliposikika, basi nilijifundisha mwenyewe. Kwa vipande vya printa mbili zilizokufa niliunda mashine ndogo ya kuchonga herufi kwenye mbao. Mota yake ilivuta kisu kulia na kushoto. Ili ijue imefika wapi, kulikuwa na utepe wa plastiki wenye mistari myembamba kuliko unywele, na jicho dogo la mwanga lililoihesabu mistari hiyo njiani. Kadi ya elektroniki ililinganisha hesabu na agizo langu: ikiona bado, inasukuma mota, hesabu ikitimia, inaisimamisha. Hayo niliyaelewa. Mengine nilibahatisha.

Msimu ule wa mvua Kambale, mume wa Mama Kavira, aliuawa na watu wenye silaha akiwa kwenye usukani wa lori lake. Wenzake walirudisha mwili na gari. Mama Kavira aling'oa ubao mmoja wa karoseri, sanduku la mizigo la lori hilo, akaniletea mchana, harufu ya mafuta ya mawese ikiwa bado imeushika, nimchongee jina la mumewe la kuweka kwenye msalaba. Mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi.

"Andika vizuri," aliniambia. "Ubao iko moja tu."

Nilijaribu kwanza kwa penseli niliyoifunga mahali pa kisu. Herufi zilitoka, ila mguu mmoja wa M ulipinda kidogo sana. Mwingine angeuacha. Mimi sikuweza. Nikaukagua utepe, nikauona una ukijivu, nikadhani ni moshi na grisi. Nikaupangusa kwa petroli kuanzia katikati hadi mwisho, mpaka ukang'aa kama kioo cha dirisha. Nilijisifu moyoni.

Kisha nikachonga. K, A na M zilitoka safi. Kwenye B mota ilinguruma ghafla, ikakiburuta kisu hadi mwisho na kuuchana ubao. Nilichomoa waya wa betri. Uani, wanawake waliokuwa wakiimba kwenye kilio wakageuka kutazama mlango wangu. Nilirudia kwenye kipande cha mbao cha kutupa: palepale, ngurumo ileile. Nikapunguza nguvu, nikaongeza, nikabadilisha nyaya, nikarudisha. Sikuelewa inakuwaje mashine iijue njia hadi katikati kisha ichanganyikiwe kuliko mimi. Mama yangu alipouliza nilimwambia betri imechoka. Jirani nilimwambia ubao una kifundo. Yote uongo. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na mimi kilio chenyewe kilikuwa mlangoni.

Mama Kavira aliingia, kitenge cha msiba kiunoni, akaliona jeraha la ubao. Nilisubiri kofi. Yeye aliinama, akaugusa utepe kwa ukucha.

"Mbona huku iko na mistari na huku hakuna?"

"Nilipangusa, Mama. Niliona ni uchafu."

"Uchafu? Mutoto, hii si kama metre yangu ya kupimia kitenge? Namba zikifutika, nitakata kitambaa yote nikisema bado haiyafika metre tatu!"

Mtu mmoja uani alicheka, akajiziba mdomo. Ndipo nikaelewa: ule ukijivu ulikuwa mistari yenyewe. Jicho halikuona mstari, kadi ikaamini mota haijasogea, ikaisukuma zaidi na zaidi. Saa nzima nilikuwa nimeitazama sehemu ile tupu nikiiona safi.

Barabara ilikuwa imefungwa kwa vita, utepe mwingine haungefika. Tuligeuza ubao. Nilitumia ile sehemu yenye mistari tu: nikachonga KAM, nikausogeza ubao kwa mkono, nikachonga BA, nikausogeza tena, LE. Herufi mbili za mwisho zikakaa juu kidogo, kama unene wa punje ya maharagwe. Niliomba niparuze, nianze upya. Mama Kavira aliushika ubao kifuani.

"Wacha. Kambale mwenyewe aliendesha siku gani mustari moja, na mashimo ya njia ya Walikale? Njo yeye huyu, ndiye Kambale."

Msalaba ulisimikwa hivyo, jeraha likiwa nyuma. Sijui hadi leo kama alinisamehe au alikosa muda tu wa kunikasirikia.

Sasa nina karakana Goma. Vita havijaisha. Mota ninazofunga hubeba diski zao za mistari ya kuhesabia ndani ya kifuniko, ambako kitambaa hakifiki, na kadi nimeielekeza hivi: ukisukuma na hesabu isisogee, simama. Vijana hujifunza hayo kwa simu kwa siku moja. Bado nakagua kila kitu mara tatu. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi nikiharibu kazi ya mtu, ninamtafuta mwenyewe na kumwambia kabla hajaiona.