Nilisema Nimemwona Akiachilia Mbu

Kabla mtu hajanionea huruma, ajue kwamba maneno yale yalitoka kwangu. Sikuyasikia mahali nikayapitisha. Niliyatunga mimi, kwa mdomo huu ambao kwa kawaida haufunguki, na kwa sababu yake kuna mtu hapa mtaani Kiandutu, Thika, ambaye leo hana jicho.

Mimi ni fundi wa viatu. Niliishia darasa la nane. Naandika polepole sana, na barua hii imenichukua wiki mbili, mistari michache kila asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja. Mnivumilie.

Kibanda changu kiko karibu na muuza magazeti. Watu hukodi gazeti hapo, wanasoma, wanalirudisha, kisha wanakaa kwenye benchi kubishana. Mzee mmoja aliyestaafu kiwandani ndiye huongoza, tunamwita Spika. Sheria yake ni moja: anayeongea lazima awe ameshika gazeti lililokunjwa. Kama huna gazeti mkononi, nyamaza. Ukimaliza unamrudishia Spika, naye anampa mwingine.

Kwa miaka mitatu nimekaa hatua chache kutoka kwa benchi hilo nikishona, na sikuwahi kulishika gazeti hata mara moja. Watu wakiniangalia wengi, ulimi unakuwa mzito. Hata mteja akiuliza bei, namwonyesha kwa vidole.

Siku hizo habari kubwa ilikuwa ya mbu. Gazeti lilisema kuna wanasayansi wanaobadilisha mbu kwenye maabara ili wasieneze malaria, na wanataka kuwaachilia wazaane na wale wa kawaida. Benchi lilichemka. Wengine walisema ni jambo zuri, watoto wataacha kufa. Wengine walisema ni njia ya kutufanya tusizae. Kamaa, kijana anayebeba mizigo sokoni, alisema mbu hao wakikuuma, damu yako inaingia kwa kompyuta ya mzungu.

"Na yako wataifanyia nini?" Spika alimuuliza. "Hiyo si damu, ni pombe ya muratina."

Watu wakacheka. Kamaa hakucheka.

Wakati huo huo jirani yangu Wafula alikuwa amepata kibarua cha mbu. Hilo si jina lake la kweli. Ni mtu wa Bungoma, ana mke na mtoto wa miaka minne, na chumba chake na changu vinatenganishwa na bati tu. Alizunguka nyumba kwa nyumba akitundika mitego yenye taa ndogo. Asubuhi aliwakusanya mbu walionaswa, akawaweka kwenye vikombe vya karatasi vilivyofungwa kwa neti, na juu akaweka pamba yenye maji ya sukari ili wasife njiani. Waliomwajiri walitaka kujua kuna mbu wa aina gani hapa kwetu, basi. Hakuachilia hata mmoja.

Haya yote niliyajua. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Aliniletea gambuti zake nizizibe, akakaa kwenye kiti changu cha wateja, akanionyesha kikombe.

"Ona huyu mwenye ndevu, fundi. Huyu ni dume. Hagusi damu. Anakunywa maji ya maua tu, kama mtu ameokoka."

Nilicheka nikamuuliza maswali. Kwa Wafula ulimi wangu ulikuwa mwepesi. Sijui watu wengine wanne ninaoweza kusema hivyo juu yao.

Jumamosi moja, kama saa nne asubuhi, alipita na sanduku lake. Alisimama mbele yangu, akatoa kikombe kimoja abadilishe pamba, neti ikateleza. Mbu wawili wakaruka, labda watatu.

"Aah, hao wamenihepa," akasema. Akafunga neti, akaniaga, akaenda kumalizia nyumba zake.

Hicho ndicho nilichoona. Hakuna kingine.

Mchana benchi lilijaa mpaka watu wengine wakasimama. Walibishana wakachoka, ndipo Kamaa akanigeukia.

"Na huyu fundi? Miaka yote amekaa hapo tu kama jiwe. Buda, kwani ulizaliwa bila betri?"

Walicheka wote. Msichana anayeuza nguo za mitumba ng'ambo ya njia alicheka pia, na huyo ndiye sikutaka anicheke.

"Wachana na kijana," Spika akasema. Kisha akanifikiria kidogo. "Ama hebu kuja ushike gazeti. Leo lazima utuambie kitu."

Nikalishika. Nyuso kama thelathini ziliniangalia. Nilitafuta kitu cha kusema, chochote kile, na kichwani mwangu hamkuwa na kitu isipokuwa Wafula.

"Leo nimemwona Wafula akiachilia mbu," nikasema.

Wote walinyamaza. Sijawahi kunyamaziwa hivyo maishani mwangu.

"Kuachilia aje?" Spika akauliza.

"Alifungua kikombe. Wakatoka."

"Wangapi?"

Hapo ningesema wawili. Ningesema neti iliteleza. Nilikuwa bado na nafasi.

"Wengi," nikasema. "Kikombe kizima. Na aliangalia kwanza kama kuna mtu anamwona."

Nawaambia ukweli: nilisikia raha. Msichana wa mitumba alikuwa ameacha kukunja nguo ili anisikilize.

Mama mmoja akasema mtoto wake ana homa tangu taa ya Wafula itundikwe kwake. Mwingine akasema, na hata huyo mtu si wa huku. Spika alisimama akasema tungoje, aitwe ajieleze. Lakini gazeti lilikuwa mkononi mwangu, si mwake, na siku hiyo hakuna aliyemsikiliza.

Wafula akatokea kwa kona na sanduku lake.

"Fungua hiyo kitu," Kamaa akamwambia.

"Pole pole, ndugu yangu. Hawa ni wa kuhesabiwa tu."

Kamaa alimnyang'anya sanduku akalibamiza chini. Vikombe vikapasuka. Mbu wakatoka kweli, wakapanda kama moshi mwembamba, na kila mtu akaona kwa macho yake ule uongo niliousema dakika chache kabla.

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. La pili sikuliona, nilimwona tu akipiga magoti. Walimpiga mateke tumboni, mgongoni, shingoni. Watu ninaowashonea viatu. Niliona soli nilizoziweka kwa mikono yangu zikipanda na kushuka juu ya mbavu zake.

Kamaa akaja mbio kwenye kibanda changu, akachukua nyundo yangu. Mtu mmoja akaukanyaga mkono wa kulia wa Wafula usiondoke, na Kamaa akaugonga. Sauti ya nyundo hiyo naijua ikigonga mbao, naijua ikigonga mpira. Hiyo nyingine nilikuwa sijaisikia. Aligonga mpaka vidole vikakosa umbo. Halafu akagonga uso.

Mimi hukata ndala za akala kutoka kwa matairi makuukuu. Tairi moja zima lilikuwa limeegemea meza yangu, nyuma ya miguu yangu.

"Fundi, toa hilo tairi," mtu mmoja akaniambia.

Sikumpa. Lakini sikumkatalia. Nilisogeza mguu ili alipitishe.

Walimvalisha Wafula shingoni. Mwanamume mwingine alifika na chupa ya petroli aliyoipata kwa watu wa pikipiki. Wafula aliinua kichwa, damu ikimchuruzika, akaniona.

"Fundi," akasema. "Waambie. Wewe unajua. Waambie."

Mimi niliyekuwa nimesema bila kuulizwa mara mbili, sikuweza kufungua mdomo.

Aliyemwokoa ni cucu, bibi mmoja mzee anayeuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Aliitoa sufuria motoni kwa kanga yake, akaja nayo ikitokota, akamwagia miguu ya yule mwenye petroli. Yule mtu alianguka akilia kama mtoto, chupa ikapasuka kwenye mawe.

"Nani mwingine anataka moto?" cucu akauliza. Hakupaza sauti. "Kuja. Iko ya kutosha."

Hakuna aliyesogea. Alisimama juu ya Wafula na sufuria yake mpaka polisi wakafika na kupiga risasi hewani. Tukakimbia wote. Nilipofika chumbani kwangu nikajifungia, nikakuta bado nimeshika gazeti.

Wafula alikaa hospitali ya Thika miezi miwili. Jicho la kushoto halipo. La kulia linaona ukungu. Mkono haukunjiki. Mkewe huamka mapema kwenda kufulia watu nguo mtaani Membley, naye Wafula anabaki mlangoni na mtoto. Kamaa yuko rumande, na nyundo yangu iko kwa polisi. Mimi niliulizwa swali moja tu: ni yako? Nikasema ndiyo, iliibwa.

Tairi nililikuta limeegemea meza yangu kama lilivyokuwa. Kuna mtu alilirudisha. Sijalikata mpaka leo.

Benchi lilirudi baada ya wiki moja. Sasa wanabishana kuhusu kompyuta zinazoiga sauti za watu. Nami wamenipa jina. "Shahidi, kuja ushike gazeti," wananiambia, na hakuna anayecheka. Nilitamani miaka mitatu waniite. Sasa wakiniita naangalia chini.

Kila Jumamosi Wafula huniomba nimsomee gazeti, kwa sababu mkewe hayuko na yeye haoni herufi. Nasoma kwa kidole, neno kwa neno. Haniharakishi. Jumamosi iliyopita aliniuliza, "Fundi, kwa nini siku hizi wanakuita Shahidi?"

"Ni jina tu."

"Ulishuhudia nini?"

Nikafungua ukurasa mwingine. Alisugua vidole vyake vilivyopinda.

"Siku moja nitamjua aliyesema," akasema. "Sitamfanyia kitu. Nataka tu aniambie aliona nini."

Ninyi mnaosoma, bishaneni kuhusu mbu, kuhusu kompyuta, kuhusu lolote litakaloletwa na gazeti. Lakini ukipewa nafasi ya kuongea na huna kitu cha kusema, rudisha gazeti. Wakucheke. Kuchekwa kunaisha jioni. Na kama umeona wawili, sema wawili, hata kama watu wanataka kusikia elfu.

Mhariri, nina ombi moja. Tafadhali ichapeni barua hii siku ya Jumamosi. Kumwambia Wafula kwa maneno yangu mwenyewe nimejaribu, nimeshindwa. Lakini kilichoandikwa kwenye gazeti huwa namsomea chote, bila kuruka mstari, na nikianza sitaacha.