Mtu Niliyemwacha Nyuma ya Mlango

Ukimwacha adui hai ndani ya gemu halafu umeme ukakatika, anatoka. Anapita kwenye nyaya, nguzo hadi nguzo, na umeme ukirudi tu anashukia kwenye balbu ya nyumbani kwenu. Hivyo ndivyo alivyotuambia kijana wa jirani, mtu mzima wa darasa la saba, na mimi nikayameza yote bila maji.

Nimeyakumbuka juzi, ndugu yangu, nilipokwenda Kariakoo kumtafutia binti yangu viatu vya shule nikajikuta mbele ya ghorofa la maduka, mahali pale pale lilipokuwa banda letu la gemu.

Miaka ile bidhaa za nje ndiyo kwanza zimefunguliwa mlango. Kariakoo ilijaa maboksi ya televisheni hadi mbuzi wa mtaa wetu wakanenepa kwa kuyatafuna. Banda lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha uani, dirisha limezibwa kwa blanketi, na watoto ishirini ndani. Siku za Jumamosi naapa tulifika mia mbili. Joto lake lingeivisha wali. Kulinuka jasho na mihogo ya kukaanga. Wakicheza wawili, kioo kiligawanyika nusu kwa nusu, na mwenye banda alisimamisha kipande cha boksi katikati ili usichungulie mwenzio kajificha wapi. Ulitumbukiza kichwa upande wako kama mtu anayechungulia kisima, na dunia nyingine yote ikafutika.

Gemu nyingine unakiona kijitu kinakimbia, kikifa ni shida yake. Hii ya bunduki haikuwa na kijitu. Chini ya kioo kulikuwa na mikono miwili tu, na mikono ile ilikuwa yangu. Risasi za kuhesabu. Nyayo unazisikia nyuma yako, ukigeuka hamna mtu. Ukipigwa, pedi ya kuchezea inatetemeka viganjani; mara ya kwanza nilifunua shati nikague tumbo. Na kibaya zaidi, mle ndani kulikuwa na korido moja, milango mitatu kulia, mitatu kushoto, na mmoja mwishoni. Aliyekulia nyumba ya Kiswahili ameshanielewa: ilikuwa korido ya kwetu.

Alasiri moja, siku nacheza peke yangu, nilifika mlango wa mwisho. Adui mmoja kabaki nyuma yake, pumzi zake nazisikia. Risasi moja.

"Ingia wewe!" wenzangu wakanipigia kelele mgongoni.

"Haingii huyo. Atajifia hapo hapo kama kuku wa kideri!"

Nikaweka kidole kwenye kitufe. Umeme ukakatika. Mgao.

Wenzangu walizomea shirika la umeme. Mimi nilikimbia nyumbani. Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa mwisho wa korido yetu akikaanga vitumbua, chini ya balbu yetu pekee. Chini yake kabisa, kama kawekewa alama.

"Bibi, leo kaangia barazani."

"Upepo wote ule? Kama hutaki moshi, toka wewe."

Alipokwenda uani kuchukua mkaa, nilipanda kigoda nikazima swichi kubwa ya nyumba. Magharibi mtaa mzima ukapiga kelele, "Huoooo!" Taa zikawaka kila mahali isipokuwa kwetu.

"Mbona sisi tu?" fundi cherehani, mpangaji wetu, alilalamika chumbani kwake.

Nilikuwa nimebana mgongo ukutani, mchi wa kinu mikononi, nikiutazama mlango wa uani. Nikasikia nyayo. Kisha pumzi. Mlango ukalia. Nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Mchi uligonga fremu ya mlango, shubiri moja juu ya kichwa cha Bibi. Sinia la vitumbua alilotoka nalo uani likaanguka. Bibi alisimama bila kusogea, na aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo mno.

"Ulikuwa unamuua nani?"

Nikamweleza huku nalia, waya, nguzo, balbu, yote. Bibi huyu alikuwa na kofi la kuvusha mtu hadi Ilala bila nauli, na safari hii nilikuwa nimelistahili. Badala yake akaketi chini kando yangu, akaokota kitumbua, akakipuliza vumbi.

"Haya, tumsubiri wote."

Fundi alipoigundua swichi na balbu ikawaka, nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Bibi alikuwa anaitazama balbu ile, naye hajatafuna bado.

Sasa Bibi hayupo, korido imebomolewa. Mwanangu wa kiume anacheza peke yake, ana spika za masikioni, picha safi unahesabu kope za adui, na hapigi ukelele hata mmoja.

Juzi pale dukani, muuza viatu alinitazama sana. Alikuwa mwenye banda wetu, mvi tupu.

"Shikamoo, bosi wa gemu."

"Marahaba! Wewe si yule mchunguliaji?"

Nikamsimulia, hadi mchi na fremu. Nilidhani atacheka. Alikuwa anafunga kamba za viatu vya binti yangu, taratibu.

"Mdogo wangu, mashine ile haikuwa na memori kadi ya kutunza mchezo. Sikuwahi kununua. Umeme ukikatika, haibaki na kitu, unaanza upya. Hakukuwa na mtu nyuma ya mlango. Hata mlango haukuwepo."