Sekunde Tisa Ambazo Moyo Hausikilizwi

Saa mbili asubuhi, Rumyana Tasheva anagusa kioo cha mashine ya kupima mapigo ya moyo ya watoto njiti. Mchoro wa mapigo unakwama. King'ora kinachopaswa kulia papo hapo kinalia baada ya sekunde tisa.

"Tisa," anasema, akiacha banitsa yake, andazi la jibini, ipoe. "Mtoto wa kilo moja hana sekunde tisa."

Katika kiwanda hiki cha Plovdiv, Bulgaria, mashine mia nne zinasubiri lori la Ijumaa. Haziondoki bila jina la mkaguzi. Mkaguzi ni yeye.

Rumyana, 43, huandika viendeshi, programu zinazovisemea vifaa ndani ya kiini cha mfumo wa kompyuta. Kifaa chenye jambo hutuma katizo, na kompyuta huacha ilichokuwa ikifanya ili isikilize. Vifaa viwili vikitumia njia moja, kiini hakijui ni kipi kimeita. Huuliza kiendeshi kimoja baada ya kingine: ni chako? Kikijibiwa ndiyo, hakiulizi tena.

"Kwa hiyo unakitazama kifaa chako kwanza," anasema. "Kama hakijaita, unajibu si changu. Huo ukweli ndio kazi yenyewe."

Kiendeshi cha kioo kiliandikwa na mwenzake, Dobri Kalpakov, wakati kioo kilipokuwa na njia yake peke yake. Kilitazama tu kama kioo kiko macho, si kama ndicho kilichoita. Mwaka huu kipima moyo kiliwekwa kwenye njia hiyo hiyo. Sasa kioo kikiguswa hukaa macho sekunde tisa, na katika sekunde hizo kiendeshi chake hudai kila katizo, hata la moyo.

Majaribio hayakuligundua kosa hili, kwa kuwa hakuna aliyegusa kioo. Rumyana alikigusa. Miaka kumi na mmoja alirekebisha mashine wodini, na anajua muuguzi hugusa kioo lini: mtoto anapozidiwa.

Kwenye ukurasa wa ukaguzi, unaosomwa na kiwanda kizima, aliandika: "Nakataa. Kiendeshi hiki ni mwongo."

Dobri anapita na kikombe chake. "We Rumyana, hata mama mkwe wangu hanivui nguo hadharani hivyo."

"Mama mkwe wako hajasoma msimbo wako. Angesoma, ungelala nje."

Dobri anacheka, kisha anaacha. "Ungenipigia simu tu, dada."

"Nilikupigia Jumatatu. Ukasema lori liende kwanza."

Dobri anarudi mezani kwake.

Mkurugenzi Asparuh Vulchev anaingia bila kubisha. "Bi Tasheva, futa maneno yale, muombe Dobri radhi mbele ya wenzake, weka jina lako. Marekebisho yatafuata. La sivyo, Jumatatu usije."

Marekebisho ni mistari kumi na mmoja, tayari Rumyana ameyaandika. Anachotaka ni siku tano za kuyajaribu, mikono ikiwa juu ya kioo.

"Nipe siku tano, nitaweka jina," anamjibu. "Radhi siombi. Si leo, si Jumatatu."

Anageukia mashine, anagusa kioo tena, anaanza kuhesabu.