Tulipokuwa Damu Uwanjani

Enzi zetu pale Ujiji, sayansi ilisomwa kwa miguu. Mwalimu Skola alimwaga majivu uwanjani akachora moyo wa vyumba vinne, mkubwa kama nyumba, na mapafu pembeni. Damu tulikuwa sisi. Tuliingia upande wa kulia mikono mitupu, tukakimbilia mapafuni kuchukua jani la mpera, ndiyo oksijeni hiyo, tukarudi upande wa kushoto, kisha mbio mwili mzima hadi choo cha shule, ambacho kilikuwa kidole gumba cha mguu. Tunaliacha jani, tunarudi tena. Vumbi, jasho, kelele!

Pacha wangu Mwajuma hakufika hata mapafuni. Alichuchumaa njiani, kama kawaida yake. Nyumbani mama alizoea kumwambia, "Uvivu huo, utaolewa na nani?" Mwalimu Skola aliinama akamtazama midomo. Ilikuwa ya zambarau.

"Ukichuchumaa unajisikiaje?"

"Pumzi inarudi, mwalimu."

Jioni ile mwalimu alikuja nyumbani, akamkuta mama anakaanga migebuka. "Mama Mwajuma, mtoto huyu si mvivu. Mpelekeni hospitali." Mama aliepua karai, samaki hawajaiva, akakaa chini.

Daktari alisema ukuta wa katikati ya moyo una tundu, na njia ya kwenda mapafuni ni nyembamba. Damu iliyokwishapata hewa ilichanganyika na ambayo haijapata. Wakapanda treni kwenda Dar, Mwajuma na mama, akapasuliwe.

Nikabaki na baba. Ugali wa muhogo niliuacha sahanini. Kila siku ya treni nilitoroka hadi stesheni ya Kigoma, nakagua mabehewa, narudi peke yangu. Baba alikuwa ananiambia, "Tulia basi," na yeye mwenyewe hakai.

Siku moja Mwajuma akashuka. Amekonda, ana kovu kifuani, midomo myekundu. Nikalia. Baada ya miezi kadhaa aliniambia, "Twende tushindane," akanikimbiza hadi ufukweni, akanishinda.

Leo Mwajuma anaishi Katubuka, ana watoto watatu. Majuzi walinionyesha moyo kwenye simu, unadunda, unazungushwa kwa kidole. Mzuri kweli. Mama yao akawafukuza wakacheze nje. Mdogo akauliza kama huko kuna waifai. Nilicheka, halafu nikakosa raha. Nyumba nzima ya watoto, nami natamani nimsikie hata mmoja akihema kwa mbio.