Pasta Aliyekuja na Jembe

Watu wakisikia nafundisha chuo cha Biblia hapa karibu na Matiliku, wananiletea kiti kizuri. Sijui huwa wanafikiri nafanya nini. Mimi si mchungaji, sijawahi kuwekewa mikono. Nafundisha tu wale wanaoenda kuwekewa. Wanakuja, wengine tayari wana wajukuu, nahangaika nao miaka, kisha wanatumwa kushika makanisa Kitui na Makueni, na mimi nabaki na chaki. Zamani niliiona ni kazi kubwa. Siku hizi sioni kitu.

Mwaka jana kaka yangu mkubwa alifariki nyumbani kwetu, upande wa Ikutha. Alikuwa mtu wa kununua na kuuza mbuzi, mcheshi, mkaidi kunishinda. Na alikuwa ameoa mke wa pili. Kanisani kwetu ukifanya hivyo unatengwa: hushiriki meza ya Bwana, huimbi kwaya, na ukifa kabla ya kutubu mbele ya watu, pasta hakuziki. Jeneza haliingii kanisani, akina mama hawaimbi, wazee wa kanisa wanakuja kama majirani tu, wanakula, wanapeana mikono, wanaenda. Kwetu watu wanaogopa hilo kuliko kufa kwenyewe.

Mwaitu, mama yetu, hakulia siku ile. Alinishika mkono akasema, "Mtoto wangu asizikwe kama mbwa. Enda uongee na pasta. Si ni wewe ulimfundisha?"

Ndiyo, nilimfundisha. Tena nilijivunia yeye. Tulipofika somo la nidhamu ya kanisa niliwauliza darasani: siku tajiri wa soko, naye ni mjomba wako, atakapotaka umpindishie kanuni, utafanyaje? Wengine walibabaika. Yeye alisimama akasema hata babake mzazi angemkatalia. Nikampigia makofi. Juma lililofuata nikafundisha rehema, na nilifundisha vizuri, sioni haya kusema. Alikuwa pale mbele, anatikisa kichwa kukubali kila neno.

Nilimkuta kwake, akanitengenezea chai mwenyewe. "Mwalimu wangu," aliniita, kwa heshima ile mpaka nikapata matumaini. Nikamweleza kwamba marehemu alikuwa ameanza kurudi kanisani, anakaa kiti cha nyuma. Nikamwambia mama ni mzee, hataki kitu kingine duniani ila mwanawe aombewe na kanisa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alitubu mbele ya watu?"

"Angetubu vipi? Afukuze mama wa watoto wake?"

"Mwalimu, nikimzika huyu kwa sababu ni ndugu yako, nitamwambia nini yule mjane niliyekataa kumzikia mumewe? Yeye hana mtu chuoni."

Haki, nilitaka kumzaba kofi. Na papo hapo nilijua kwamba jibu hilo angenipa kwenye mtihani ningempa alama zote. Hapo ndipo niliposikia moyo ukiniishia.

"Basi na huyo mwingine ungemzika!" nikapayuka. "Wazike wote! Rehema nilimfundisha nani, ukuta?"

Aliweka kikombe chini, akasema, "Nitakuja, Mwalimu."

Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia, nikamwambia Mwaitu pasta amekubali. Akapiga magoti pale pale jikoni kushukuru. Hapo ndipo alipolia.

Siku ya mazishi pasta alifika mapema kuliko watu wote. Hakuwa na joho, hakuwa na Biblia. Alikuwa amevaa gambuti, amebeba jembe. Akaingia shimoni na vijana, akachimba ardhi ile ya kwetu iliyojaa mawe mpaka viganja vikatoka malengelenge. Walipomwambia apumzike alikataa. Mimi nilijiambia, ai, atanawa, atavaa, ataanza ibada. Hakunawa.

Jeneza lilipofikishwa ukingoni watu wote walimgeukia. Alirudi nyuma akasimama katikati ya wachimbaji, udongo hadi magotini.

"Pasta," Mwaitu akamwita, sauti ndogo. "Tuombee."

"Mama, nimekuja kama jirani." Machozi yalikuwa yakimtiririka. Nilimchukia, jamani, na nilijua hanidanganyi. Angechimba mpaka kesho kama ningemwomba. Mdomo tu ndio hangefungua.

Nikachukua Biblia mwenyewe. Ibada ya mazishi nimeifundisha mara nyingi, tunaweka meza katikati ya darasa badala ya jeneza, wanafunzi wanapokezana kuomba, nawarekebisha mikono, nawarekebisha sauti. Siku hiyo nilisoma nikiruka mistari. Niliomba, sijui niliomba nini. Wanafunzi wangu wengine walikuwa wamekuja kunifariji, wachungaji kamili hao, wamejipanga kando ya ua, suti safi, na hakuna hata mmoja aliyenisogelea. Niliposema amina, watu waliitikia chini chini.

Mwaitu hakuitikia. Nilidhani hakusikia, nikainama nikamwambia tumemaliza, mwanawe ameombewa.

"Wewe ni ndugu yake," akaniambia. "Mimi nilitaka kanisa."