Ukungu Uliomsitiri Mama Mkwe

Karatu nzima walijua mama mkwe wangu amekuja kutoka Singida, na mimi ndiye mwanamume wa kumlisha kwenye hoteli ya watalii ukingoni mwa kreta, huku anatazama tembo. Nilikuwa nimetangaza mpaka kwa ng'ombe.

Tukafika, mimi, mke wangu na mama yake. Mhudumu akatuwekea meza moja! Mimi na mkwe tutafune tukitazamana? Kwetu hiyo ni aibu kubwa, na kwa kujisifu kwangu nilikuwa nimesahau kabisa. Mama alinyanyua kiti chake mwenyewe, akakielekeza dirishani, akatugeuzia mgongo.

Nikajipoza kwamba angalau ataona tembo. Wapi! Ukungu ulikuwa mzito, ungeukata kwa panga ukajaza lori. Watalii wananung'unika. Ikaja supu kidogo, ya kunyweshea kifaranga. Nikaitazama tu, nikijua mkwe atarudi kwao na hasira.

Mara akamwambia mke wangu, bila kugeuka, "Mwambie mumeo nimeshukuru."

"Mama, si anakusikia?"

"Wewe mwambie. Nimekula kwa amani, hata tembo hawajaniona nikitafuna. Na yeye ale sasa. Tangu supu ije sijamsikia akigusa kijiko."

Jamani, nilikula! Nilimaliza mkate wa meza tatu. Watalii waliondoka wakiulaani ukungu ule. Mimi naushukuru mpaka leo, maana kreta iko palepale, lakini mkwe akishaondoka na kinyongo, utamrudisha na nini?